Shemeji wa Maabara

Asubuhi zao zilikuwa na mpango wake. Mama alimsuka Kijino nywele kwenye kochi, mtoto akiwa ameketi katikati ya magoti yake na kulalamika. Baba alipiga pasi aproni yake ya kinyozi juu ya meza ya kulia chakula. Bibi alimimina chai na kumlaumu yeyote aliyechelewa kuinywa. Kila mtu alijua apite wapi asimkanyage mwenzake, maana sebule ilikuwa ndogo na kochi lilikuwa kubwa.

Siku hiyo Kijino alichomoka magotini kabla ya msuko wa mwisho, akakimbilia begi lake la shule na kumgonga bibi kiwiko. Kikombe kikaruka. Chai yote ikaishia begani mwa baba yake.

"Vua," alisema mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Dokta. Alishamfikia. "Vua shati, litakuunguza."

"Haijaniunguza. Ilishapoa."

"Mama yako hamimini chai iliyopoa. Vua."

"Nimesema acha, Mama Kijino."

Hakuacha. Alishafungua vifungo na kulivuta shati, kwa vidole vya mtu aliyezoea kufanya mambo haraka na bila kumwaga. Bega halikuwa limeungua; lilikuwa na joto tu. Lakini chini ya bega, upande wa nje wa mkono, mahali palipokatwa kipande cha ngozi kisichozidi punje ya dengu mwaka uliopita, palikuwa na kitu kingine. Kovu lilikuwa limenyanyuka, gumu na la kung'aa, limevuka mipaka ya kidonda na kutambaa kila upande kama nta iliyomwagika ikaganda.

Kijino alikuwa wa kwanza kusema. "Baba, umeota kidole?"

Hakuna aliyecheka. Dokta alimshika mumewe kiwiko akamgeuzia dirishani.

"Tangu lini?"

"Tangu tangu."

"Ndiyo maana ulikuwa unavaa shati kabla sijaamka. Na mimi nikadhani umekuwa mtu wa ibada." Aliligusa kovu kwa ncha ya kidole, akalizunguka, akalibonyeza pembeni kuona linaishia wapi. Kisha akachukua simu yake. "Usisogee. Nyosha mkono. Hapana, kwenye mwanga."

Kinyozi alisimama kifua wazi katikati ya sebule, chai ikimtiririka ubavuni, akapigwa picha. Alimwangalia mama yake. Mama yake aliangalia birika.

"Mama," Dokta alisema bila kugeuka, "wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na hamkuniambia."

"Mwanangu, mimi ninalo la kwangu nyuma ya sikio toka nilipotogwa masikio. Ndiyo maana naishi na kitambaa kichwani. Baba yake huyu alikuwa nayo kifuani mpaka tunamzika."

Dokta alishusha simu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mbona hukuwahi kusema?"

"Uliniuliza lini?"

Hakuwahi kumuuliza. Siku ile mumewe alipokwenda hospitali kutoa ngozi kwa utafiti wa mkewe, daktari wa wodini alishika kalamu na kuuliza swali wanaloulizwa wote waliojitolea: kuna makovu ya kuvimba kwako au kwa watu wenu? Kabla Kinyozi hajafungua mdomo mkewe alijibu huku akicheka, "Huyu hana. Angekuwa nayo nisingejua mimi?"

*

Dokta alikuwa na shahada ya uzamivu, juu ya hapo wengi huona hakuna ngazi nyingine, lakini ipo. Alikuwa kwenye mafunzo ya utafiti wanayopewa waliokwisha kuupata udaktari wa vitabu, katika maabara ya ngozi ya hospitali kubwa. Hakuwa akitibu mtu. Majirani walimletea watoto wenye upele na mapunye, na kila alipowaambia waende zahanati walirudi nyumbani wakisema dokta yule anaringa. Mama mkwe alizoea kuwaelezea wageni kwa kifupi: "Bado anasoma." Wageni walimtazama Dokta, wakatazama mvi zake mbili tatu, wakasema hongera.

Alichokuwa akitafiti ni yale makovu hasa, ambayo wenye kazi yao huyaita keloidi. Alitaka kujua kwa nini ngozi ya mtu mmoja ikichanika hupona ikatulia, na ya mwingine haijui pa kuishia.

Alipoingia maabarani asubuhi hiyo, Miwani alikuwa amemtangulia. Miwani alikuwa mwenzake katika mafunzo, kijana mcheshi ambaye kila siku aliitafuta miwani yake nayo iko kichwani pake.

"Shemeji kaamka salama," alisema, akiwa ameinamia hadubini. "Nimemwangalia. Ametulia mwenyewe, hana neno na mtu."

Shemeji zilikuwa seli za mume wa Dokta. Watu kadhaa walikuwa wamejitolea kipande cha ngozi yenye afya, ya kulinganishia na ile ya wagonjwa. Seli za wengine ziliota ukungu, za wengine ziligoma kukua. Za Kinyozi peke yake zilishika, zikaongezeka, zikahamishwa kutoka kisahani hadi kisahani bila usumbufu, na Miwani akazipa jina ambalo sasa hata mfagizi alilijua. Kila kilichopimwa kwenye makovu ya wagonjwa kilipimwa kwa Shemeji. Makala iliyokuwa karibu kupelekwa kwenye jarida ilisema jambo moja tu: seli za mwenye keloidi zinafanya hivi, na za mtu asiye na keloidi hazifanyi. Mtu asiye na keloidi alikuwa Shemeji.

Dokta alifungua kabati la joto, akatoa kisahani kimoja na kukiweka chini ya hadubini. Seli zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, ndefu na nyembamba, ndani ya maji yao ya rangi ya waridi. Hazikuonyesha dalili ya lolote. Alizitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemdanganya.

"Una nini?" Miwani aliuliza. "Mmegombana na Shemeji wa nyumbani?"

"Profesa yuko wapi?"

"Koridoni. Si unajua ofisi yake ni koridoni."

Ni kweli Profesa hakupenda kukaa. Mazungumzo yake yote aliyafanya akitembea, na mtu aliyetaka kusikilizwa ilibidi awe na miguu mizuri. Dokta alimkuta anashuka ngazi.

"Shikamoo Profesa. Nina jambo kuhusu ngozi ya kulinganishia."

"Marahaba, binti yangu. Makala inaondoka wiki hii. Wale wa fedha za mafunzo wanakutana baada ya hapo, na nimewaambia jina lako liko juu. Makala ikifika mezani kwao unaongezewa muda. Isipofika, unajua."

"Ndiyo, lakini kuna jambo nimeligundua leo asubuhi—"

"Umerekebisha picha ya tatu?"

"Nimerekebisha. Jambo lenyewe ni kwamba yule mtu wetu—"

"Nishikie." Akampa kikombe chake cha kahawa ili apokee simu. Akaongea, akacheka, akafungua mlango wa chumba cha mikutano na kuingia. Dokta alibaki nje na kikombe mkononi. Wanafunzi wawili walipita, wakamsalimu kwa heshima, kisha wakakitazama kikombe. Alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha, na aliporudi maabarani Miwani alimuuliza amesemaje, naye akajibu, "Picha ya tatu."

*

Mchana ule kulikuwa na joto la kuchosha kwenye kibanda cha kinyozi. Feni ilizunguka ikipeleka vinywele kutoka kiti kimoja hadi kingine. Kibanda kilikuwa na vinyozi wawili, Kinyozi na jirani yake waliyemwita Brashi, na walishaelewana: mteja anachagua kiti, na asiyechaguliwa hanuni.

Shati la akiba la Kinyozi lilikuwa la mikono mifupi. Lile la mikono mirefu alikuwa ameliacha nyumbani limelowa chai. Alijitahidi kunyoa kiwiko kikiwa chini, kama mtu anayenyoa ndani ya kabati, lakini utosi wa mtu haunyolewi hivyo. Alipoinua mkono, mkono wa shati ukapanda.

Mteja alikuwa mwanamume wa makamo mwenye tai, mgeni pale. Alikiona kitu kwenye kioo. Hakusema kwanza. Alitazama, akatazama pembeni, akatazama tena.

"Kaka, samahani. Hicho ni nini?"

"Kovu tu, mzee."

"Kovu gani hilo. Haliambukizi?"

"Haliambukizi. Hata mke wangu ni dokta wa ngozi."

Mteja alilifikiria hilo. "Mkeo dokta wa ngozi."

"Ndiyo."

"Na wewe unalo hilo."

Brashi akakohoa kuficha kicheko. Mteja alisema hana haraka, amaliziwe na yule bwana mwingine, akanyanyuka na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akahamia kiti cha pili. Kinyozi alizima mashine. Alifuta kiti kwa taulo ingawa hakikuwa na kitu.

"Usijali, ndugu yangu," Brashi alisema baadaye, mteja alipokwisha kuondoka. "Watu washamba."

"Huyu ni wa ngapi?"

"Sijahesabu."

"Umehesabu."

Brashi akachukua ufagio. "Funga kitambaa hapo. Au mwambie dokta wako alitoe. Si kazi yake?"

Kinyozi alikunja mkono na kuukunjua taratibu, akaangalia nje. Jioni alipofika nyumbani na kuulizwa kazi ilikuwaje, alisema ilikuwa ya kawaida.

*

Walikula, Kijino akapelekwa kulala, na bibi akabaki kwenye kochi kwa sababu kochi ndilo lililokuwa kitanda chake. Kwa hiyo katika nyumba ile hapakuwa na ugomvi wa watu wawili. Daima ulikuwa wa watatu.

"Mama, lile la nyuma ya sikio lilianza baada ya muda gani?" Dokta aliuliza.

"Sikumbuki."

"Lilikua pole pole au lilisimama likaanza tena? Na ndugu zako wanayo? Wa kike au wa kiume?"

"Mkamwana wangu leo kanipenda," bibi alimwambia mwanawe. "Miaka yote hii hajaniuliza habari zangu namna hii."

Dokta akafumba macho kidogo. Alikuwa amechoka, na kila alichokigusa siku hiyo kilikuwa kimefungwa. "Mama, samahani. Ni kazi. Shemeji si Shemeji tena."

"Shemeji gani?" aliuliza mumewe.

Dokta akagundua kwamba hajawahi kumwambia. "Ni wewe. Zile seli zako. Miwani alizipa jina hilo."

"Mnaniita Shemeji."

"Wanaziita."

Kinyozi akatabasamu kwa mara ya kwanza toka asubuhi. "Kwa hiyo kazini kwako nipo kila siku."

"Upo."

"Na naendeleaje huko?"

"Vizuri sana. Umewekwa kwenye joto la kukutosha. Unabadilishiwa maji, unalishwa. Miwani anakuangalia kabla hajanywa chai."

"Na wikendi?"

"Wikendi nakuja mimi."

"Aa. Ndiyo huko unakokwenda Jumapili." Tabasamu lilibaki mdomoni ila machoni lilishaondoka. "Basi huyo mwenzangu ana bahati."

Bibi alijifanya anatafuta kitambaa chake.

"Usinifanyie hivyo," Dokta alisema. "Leo siwezi. Nikimwambia Profesa, makala inakufa na mafunzo yanaishia hapo, narudi kutafuta shule ya kufundisha. Nisipomwambia, nimeandika uongo. Wewe ungefanya nini?"

"Ningenyamaza. Nimenyamaza hivi hivi miezi yote, wewe unalala ubavuni kwangu. Unadhani ilikuwa kwa ajili ya nani? Nilijua nikikuonyesha utaharibikiwa. Nitavaa mikono mirefu, hakuna atakayejua."

"Ulijua kwamba lina maana kwenye kazi yangu?"

"Mama Kijino, mimi kinyozi, si mjinga. Ulikuwa unatusomea makala yako hapa mezani."

Dokta alimtazama, akataka kusema kitu chenye shukrani. Kilichotoka kilikuwa, "Ungeniambia mapema, ningetafuta mtu mwingine." Akakisikia kilivyotoka. Kinyozi alikwenda kuangalia kama mlango umefungwa, na ulikuwa umefungwa.

*

Dokta alimwambia Profesa kesho yake. Alimsimamia mbele koridoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote aliyemzidi umri.

"Ngozi yetu ya kulinganishia ni ya mtu mwenye keloidi. Imeota hapo hapo tulipokata. Na ukoo wake wanazo."

Profesa alisimama. "Nani alimhoji?"

"Hakuhojiwa. Nilijibu mimi. Ni mume wangu."

Alikuwa amejiandaa kwa makaripio, lakini Profesa alisema kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi, "Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi hivyo." Akasema makala haiendi. Akasema atawaeleza nini wale wa fedha, yeye aliyelitaja jina lake mbele za watu. Miwani alikuwa amesimama mlangoni na kisahani mkononi, asijue aingie au atoke. Dokta alikuwa anahesabu pumzi zake asilie.

Kisha Profesa, ambaye hakai, akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Hebu. Tuna ngozi yake kabla haijawa kitu."

"Ndiyo. Nyingi tu, nyingine iko kwenye baridi."

"Na sasa kovu limeota mahali palepale. Mtu yuleyule, mahali palepale, kabla na baada." Macho yake yalikuwa yamechangamka. "Binti yangu, unajua watu wangapi wanaitafuta hiyo? Nani atakubali kukatwa akiwa mzima, kisha asubiri avimbe? Mlete. Tutakata kipande cha kovu lenyewe. Hii si makala moja, ni kazi ya miaka. Wale watu nitawaeleza mimi, na muda watakuongezea, nakuhakikishia."

Dokta aliegemea ukuta. Miwani akainua kisahani juu kidogo kama mtu anayepongeza kwa glasi. "Shemeji kaokoa jahazi," alisema.

*

Ilikuwa Ijumaa alasiri, siku hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Dokta alifika nyumbani mapema. Kinyozi naye alikuwepo. Alisema kibandani hakuna watu. Alikuwa ameketi mezani anasafisha meno ya mashine yake kwa kibrashi, na mama yake alikuwa anachambua mchele pembeni yake. Kijino alikuwa nje, sauti yake ikisikika kuliko za wenzake wote.

Dokta hakuvua hata viatu. Aliwaeleza yote: alivyomzuia Profesa njia, alivyokaripiwa, Profesa alivyokaa kwenye benchi. Alieleza vizuri, hata bibi akaacha mchele. Alipofika kwenye habari ya kabla na baada, sauti yake ilipanda, na mikono ilichora hewani visahani viwili, kimoja huku na kimoja kule.

"Kwa hiyo wanakuongeza," bibi alisema.

"Wananiongeza, mama. Kama tukipata kipande."

"Kipande cha nini?"

"Cha hilo kovu. Kidogo tu." Alimgeukia mumewe. "Daktari wa wodini yuko Jumatatu. Ganzi watakupiga, hutasikia kitu. Halafu baada ya hapo watakuchoma sindano za kulizuia."

"Na likikatwa huwa linafanyaje?" Kinyozi aliuliza. Hakuinua kichwa.

Hilo Dokta alilijua kuliko mtu yeyote katika jiji lile. "Mara nyingine hurudi."

"Linarudi kama lilivyo?"

"Mara nyingine hurudi kubwa zaidi. Ndiyo maana ya sindano. Hata hivyo hilo lenyewe litatusaidia, kwa sababu tutaweza kulifuatilia toka mwanzo, tukipima kila..." Akasimama. Bibi alikuwa anamtazama.

Kinyozi aliweka kibrashi chini. Alivuta shati lake kichwani bila kufungua vifungo, akaliweka juu ya meza, akakaa hivyo, bega likiwa upande wa mkewe. Kovu lilikuwa limekwaruzwa. Pembeni palikuwa na alama za kucha, nyingine mpya.

Dokta alisogea. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwenye simu, kwa mazoea, kabla hajauzuia.

"Weka simu," alisema mumewe.

Akaiweka.

"Umelipima. Umelipiga picha. Umemuuliza mama nyuma ya sikio, umeuliza habari za marehemu baba. Profesa wako kalikalia benchi. Miwani ananijua afya yangu kabla ya chai yake." Aliongea pole pole, bila hasira, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika zamani. "Linawasha mpaka najikuna nikiwa usingizini. Nikiinua mkono kunyoa, linavuta kama kuna mtu anashona humo ndani. Wateja wanahama kiti. Nimekaa nasubiri siku utakayoniuliza, na nilijiambia ukiniuliza tu, mara moja tu, hata ngozi yote ya mgongo nitakupa. Sasa basi, nakwambia mwenyewe. Linaniuma, mke wangu. Linaniuma sana, na sitaki kukatwa tena."